Papa wa siku 22

Tangu Jumapili nasikiliza "Misa ya Papa Marcellus", iliyotungwa na Palestrina, mtunzi wa muziki wa Italia wa karne ya 16. Mwalimu wa kwaya yetu alituwekea "Kyrie" (Bwana, utuhurumie) yake baada ya mazoezi: sauti 6, hakuna kinanda, mwili ukanisisimka. Nikataka kujua huyo Marcellus ni nani.

Kumbe ni Marcello Cervini, mmoja wa wajumbe 3 wa Papa walioongoza Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulipoanza mwaka 1545, wakati Ulaya imegawanyika kwa sababu ya mafundisho ya Luther. Alichaguliwa kuwa Papa tarehe 9 Aprili 1555, akabaki na jina lake la ubatizo. Alikataa sherehe za gharama kubwa. Na enzi zile mapapa wengi waliwapa wapwa zao ukardinali, yeye hakutaka hata ndugu zake waje Roma!

Ijumaa Kuu, siku 3 tu baada ya kuchaguliwa, aliwaita waimbaji wake akawaambia nyimbo za siku hiyo ziendane na huzuni ya siku yenyewe, na maneno yasikike vizuri. Palestrina alikuwa mwimbaji katika kwaya hiyo mwaka huohuo.

Tarehe 1 Mei Marcellus akafariki. Inaniuma kweli, kwa sababu mtu huyu alikuwa tayari kulirekebisha Kanisa kwa kuanza na nyumba yake mwenyewe.

Misa yenye jina lake ilichapishwa mwaka 1567. Wanakwaya wenzangu, sikilizeni "Credo" (Nasadiki) ya Misa hiyo: imeandikwa kwa sauti 6, na bado unasikia maneno vizuri.