Damu kwenye Mswaki

Kwa muda wa miaka miwili hivi nilikuwa nikiona damu kwenye mswaki wangu karibu kila asubuhi, na kwa kuwa sikusikia maumivu yoyote, niliamini kwamba mswaki ndio uliokuwa ukinijeruhi. Nikawa naukwepesha mahali palipotoa damu, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, nikidhani kwamba nazipumzisha fizi. Daktari wa meno aliponipima alinieleza, kwa upole ninaoushukuru hadi leo, kwamba fizi zilitoka damu kwa sababu hazikuwa zikisafishwa, na kwamba kila nilipozikwepa nilizidi kuzidhuru.

Chanzo chake ni utando laini wa bakteria, ambao huanza kujijenga juu ya meno saa chache tu baada ya kupiga mswaki. Usipoondolewa, fizi huvimba na kuwa nyekundu, na madini yaliyomo katika mate huugeuza kidogo kidogo kuwa ukoga mgumu usiobanduka kwa mswaki. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake, huko Aarhus nchini Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kabisa kusafisha meno. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na walipoanza kusafisha tena uvimbe ule ukaisha. Matokeo hayo yalinitia moyo sana, kwa maana yanaonyesha kwamba katika hatua ya mwanzo ugonjwa huu hurudi nyuma kabisa.

Hatua ya pili haina huruma kama hiyo. Fizi huachana na jino, mifuko yenye kina cha milimita 4 au zaidi hujitokeza, na mfupa unaoshikilia jino huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu, hata jino lilegee. Mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi. Mvutaji wa sigara yumo katika hatari kubwa zaidi, tena hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu uvutaji hupunguza utokaji wa damu kwenye fizi na kuficha dalili ambayo ingemwonya mapema.

Kuhusu mwili mzima, uhusiano ulio wazi zaidi ni ule wa kisukari, nao huenda pande zote mbili: sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na uvimbe wa kudumu kwenye fizi hufanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Kwa hiyo mwenye kisukari anayetibiwa fizi anasaidiwa pia katika kisukari chake, na ningependa kila kliniki ya kisukari iwe na desturi ya kumwuliza mgonjwa habari za fizi zake. Kwa upande wa moyo nashauri tahadhari ya maneno. Wenye ugonjwa mkali wa fizi hupata maradhi ya moyo mara nyingi zaidi, lakini haijathibitishwa kwamba fizi ndizo zinazosababisha maradhi hayo, kwa kuwa sigara na kisukari huchangia yote mawili.

Daktari aliuondoa ukoga kwa vifaa vyake, kisha akanifundisha kupiga mswaki upya: mswaki wenye nywele laini, ukiinamishwa kuelekea pale jino linapokutana na fizi, kwa mizunguko midogo isiyo ya nguvu, dakika mbili, mara mbili kwa siku. Katikati ya meno, ambako mswaki haufiki, napitisha uzi kila usiku. Siku za kwanza damu ilitoka zaidi, nami nikaogopa, lakini sikuacha. Wiki ya pili ilipungua, kisha ikakoma. Nilipopimwa tena baada ya miezi mitatu, mifuko iliyokuwa na milimita 5 ilikuwa imerudi kwenye 3, isipokuwa mmoja nyuma ya jino la chini, ambao daktari huupima upya kila ninapokwenda.