Bibi na daktari wa kwenye simu

Nimempeleka bibi zahanati, kile kidonda cha mguu kimegoma kupona. Nesi akakisafisha, akaweka rula pembeni, akapiga picha ya karibu na ya mbali, akamtumia daktari wa ngozi mjini. Mtandao ulisumbua hadi akaenda kusimama chini ya mwembe!

Wataalamu wa ngozi wanafundishwa pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu 1992, ila kwa sisi wa kijijini, kwenda Moshi ni nauli, malazi na shamba kulala bila kulimwa.

Jibu likaja jioni: kwanza apimwe sukari. Hapo ndipo simu inapoishia, bila kipimo na nesi mtasubiri sana. Bahati vipimo vilikuwepo.

Bibi hajaridhika: "Daktari gani hata mguu hajaushika?"