Siku ya 41 ya kihisi cha Tongoni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi ya leo simu imetikisika chini ya mto: ni kihisi, kifaa nilichokifunga kupima maji ya tangi la Mjomba wangu. Maji sentimita 131, betri volti 3.58, joto nyuzi 25. Nimelala hapa Ngamiani, Tanga mjini, na tayari najua kuwa kule Tongoni hakuna atakayerudi na ndoo tupu. Ni siku ya 41 mfululizo bila kukosa hata mara moja, na nimeona niandike kabla sijaanza kusahau jinsi tulivyofika hapa.

Tangi lenyewe ni la lita 10,000, jeusi, limekaa juu ya nguzo za zege hatua chache kutoka kwa Mjomba. Linanywesha nyumba za jirani na madrasa. Mwenye kulilinda ni yeye, na miaka yote njia ya kujua maji yamebaki kiasi gani ilikuwa moja: akitoka kuswali alfajiri anapanda ngazi ya chuma, anafunua kifuniko, anamulika tochi. Mjomba ana miaka 71. Ile ngazi imeliwa na chumvi ya bahari, na mwezi wa pili kipago kimoja kilikatika akiwa juu. Akadaka ukingo wa tangi, akashuka taratibu. Aliponipigia kunieleza alikuwa anacheka. Mimi usingizi ulinipotea usiku ule.

Hapo ndipo nikaamua nitaweka kitu kitakachopanda kwa niaba yake. Nguzo ya umeme iko mbali na tangi. Paneli ya sola ingehitaji kufutwa vumbi na kulindwa, maana yake ngazi ileile tena. Kwa hiyo nikachagua kihisi kinachopima kwa sauti isiyosikika, kinachotumia betri isiyochajiwa na kutuma namba zake kwa mtandao wa simu.

Nilikuwa nimesoma sana kuhusu NB-IoT, mtandao wa simu uliotengenezwa mahsusi kwa vifaa kama hivi. Viwango vyake vilikamilishwa mwaka 2016. Unatumia mkanda mwembamba wa kilohezi 180 tu, unapenya mpaka mahali ambapo simu ya kawaida haishiki, na kifaa kinaruhusiwa kukubaliana na mnara: mimi nalala, usinitafute, nitaamka mwenyewe kesho. Nilinunua modemu, kifaa kinachoongea na mnara, inayojua mtandao huo na pia 2G, ule mtandao wa simu wa zamani wa kizazi cha pili, nikaipeleka Tongoni kuonja hewa ya pale. Niliiuliza kama imesajiliwa, ikajibu 0,2. Mbili maana yake bado natafuta. Nikanywa chai ya Shangazi yote, jibu bado mbili. Nilipoiruhusu kutumia 2G, ndani ya nusu dakika ikajibu 0,1. Nimefika, niko nyumbani.

Basi 2G ndiyo tuliyopewa, na 2G ina tabia zake.

Mambo ya laini hayakunichukua muda. Niliisajili kwa alama ya kidole kama laini yoyote, nikaondoa namba ya siri ili modemu isikwame kila inapoamka, nikaandika kwa mkono mipangilio ya intaneti ambayo simu zetu hupata zenyewe. Data inayotumika ni kiduchu. Namba zote nimezibana ndani ya baiti 14, zinakwenda kwa UDP, njia ya kutuma bila salamu nyingi, na seva, kompyuta inayozipokea, inarudisha neno moja la kukiri imepokea. Kila neno la ziada ni sekunde za modemu kuwa macho, na sekunde hizo zinalipwa na betri.

Betri ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ni ya lithiamu na thionili kloraidi, nene kama ya tochi kubwa, volti 3.6, ujazo wa ampea-saa 19, yaani kama miliampea 19 kwa saa 1,000. Sifa yake ni kwamba ikikaa bure haipungui ila kama asilimia 1 kwa mwaka. Nikaunganisha mezani, modemu ikawasha taa, ikaanza kutafuta mnara, ikazima. Ikawasha, ikazima. Mita ilionyesha volti 3.6 safi kabisa, nikaanza kuishuku modemu. Nikamfuata fundi wa redio wa mtaani kwetu, mzee aliyeanza kulehemu kabla sijazaliwa. Hakuigusa modemu. Aliweka balbu ndogo kwenye betri, akaniambia, “Mwanangu, tazama mita sasa, usitazame betri ikiwa imepumzika.” Volti zikaporomoka hadi 2.4, kisha zikaanza kupanda polepole, kama mtu anayejinyoosha baada ya kulala sana.

Betri za namna hii zikikaa dukani hujijengea utando juu ya lithiamu. Utando huohuo ndio unaozuia isijimalize yenyewe, na ndio unaoifanya izubae ukiidai umeme kwa ghafla. Ukiipa mzigo mdogo kwa dakika kadhaa, utando unavunjika. Lakini hilo lilikuwa nusu ya tatizo. 2G haitumi mfululizo, inatuma kwa mapigo: kila pigo linazidi kidogo nusu milisekunde, zaidi ya mapigo 200 kwa sekunde moja, na kila pigo linaweza kudai hadi ampea 2. Betri yangu imeumbwa kutoa kidogo kwa miaka mingi. Ni kama kisima kinachojaa tone kwa tone. Ukikitia pampu kubwa unavuta tope.

Dawa yake ni tangi. Nililitafakari hilo nikiwa juu ya daladala na moyo ukafurahi kweli, kwa sababu ndilo jambo ambalo Mjomba amekuwa akilifanya maisha yake yote: kisima kinajaza polepole, tangi linatoa kwa wingi watu wakija. Kapasita mbili kubwa, vihifadhi vya umeme vinavyotoa kwa haraka, kila moja ya volti 2.7, nimezifunga kwa mfuatano pembeni ya betri. Betri inazijaza bila haraka, mapigo yanachota kwao. Tangu siku hiyo mapigo hayajaizima modemu hata mara moja.

Kisha likaja kosa langu la kisanduku. Kwa kuhofia mvua na hewa ya chumvi nilinunua kisanduku kizuri cha chuma. Nilijaribu kikiwa wazi, namba zikafika, nikafunga kifuniko kwa skrubu nne, nikaondoka. Hazikufika tena. Antena ilikuwa ndani, chuma kimeizunguka pande zote, na programu niliyoiandika haikuwa na kikomo: ilitafuta mnara usiku na mchana kwa wastani wa miliampea 90. Niliporudi Jumapili ya pili yake, betri iliyopaswa kuishi miaka ilikuwa imekufa. Haikuwa imefikisha hata siku tisa.

Nilikaa chini ya lile tangi na daftari nikapiga hesabu upya. Kutuma mara moja, kuanzia kuamka hadi kuzima, kunachukua sekunde kama 40 kwa wastani wa miliampea 100, yaani miliampea-saa 1.1 hivi. Nikituma kila saa, mwaka mmoja unakula ampea-saa karibu 10, nusu ya betri. Nikituma mara nne kwa siku, 1.6 tu. Lakini dakika tano za kutafuta mnara usiopatikana zinagharimu sawa na kutuma mara saba. Kwa hiyo sasa sheria ni hii: sekunde 90, mnara usipopatikana, lala, hifadhi namba, zitume zamu ijayo. Na modemu ikimaliza kazi naikatia umeme kabisa, kwa kuwa 2G haina yale makubaliano ya kulala. Ukijumlisha usingizi na kile kinachovuja kwenye kapasita, karatasi inasema miaka 10. Mimi nitashukuru ikifika mitano. Kisanduku kipya ni cha plastiki, antena iko nje, na maungio yake nimeyapaka grisi na kuyafunga utepe wa mpira.

Wiki ya kwanza baada ya hapo Mjomba alinipigia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu moja kwa moja: “Mjomba, kitu chako hiki kinasema mchana maji yamepanda. Mota haijawashwa leo. Maji hayapandi yenyewe.”

Niliangalia namba. Kweli, kila siku saa sita mchana maji yalipanda sentimita tatu, nne, na jioni yakashuka. Nisingeliona mwenyewe, macho yangu yalikuwa kwenye volti. Kihisi kinapiga sauti chini, kinahesabu muda wa mwangwi kurudi. Niliiandikia programu mwendo wa sauti wa mita 343 kwa sekunde, ambao ni wa hewa ya nyuzi 20. Ndani ya tangi jeusi, jua la utosini, hewa inafika nyuzi 38, na sauti inakwenda mita 354. Mwangwi unawahi kurudi, kihisi kinadhani maji yamesogea. Maji yakiwa mita moja na nusu chini, kosa linapita sentimita nne. Kwa upana wa tangi lile ni zaidi ya lita 150, madumu saba na ushei ya maji ambayo hayapo. Mama mmoja angeweza kuambiwa njoo, akakuta bomba limekauka. Nikaongeza kipimajoto karibu na kihisi, programu ikarekebisha mwendo wa sauti kila inapopima.

Jumapili iliyopita nilikwenda kuhakikisha. Mjomba alisimama chini, akagonga ubavu wa tangi kwa kifundo cha kidole, kutoka juu kuja chini, dung, dung, dung, mpaka sauti ilipobadilika. Akachora mstari kwa chaki. Nikafungua simu, tukapima mstari kwa futi kamba kuanzia kitako cha tangi. Chaki yake sentimita 118, kihisi 117. Akautazama ule mstari kwa muda, akafuta mkono kwenye shuka lake.

Ile ngazi ameiondoa. Imelala nyuma ya banda la kuku, na Shangazi anaanikia samaki juu yake. Mjomba ameniuliza kama tangi dogo la msikitini nalo linaweza kupata chake, maana linalochotwa kwa udhu halina mtu maalumu wa kulitazama. Kapasita mbili nimeshaagiza.