Matumbawe yamefumbuka!

Leo baada ya isha kaka kanipigia simu ya video kutoka Dubai. Matumbawe ya tangi lake yalikuwa yamenyong'onyea wiki tatu, mwani umetanda kila pembe.

Wakati ule nilimwambia: unayalisha mno! Chakula kikibaki kinaoza, naitreti na fosfeti, virutubisho vya mwani, zinapanda. Mwanga ndio riziki yao kubwa.

Akapunguza kulisha, akawa anabadilisha maji kidogo kidogo, chumvi akaishika kwenye sehemu 35 kwa elfu.

Leo kazima taa, kasogeza simu kiooni.

Vikono vyembamba vikachomoza, kimoja kimoja. Vikanasa kipande cha nyama ya kamba wa baharini, vikakivuta mdomoni polepole.

Wallahi tulinyamaza sote.

Nikawaza tope la mto Sabaki linavyoshukia matumbawe yetu hapa Malindi wakati wa mvua.

Wapiga mbizi wa usiku, mmewahi kuyaona yakila?