Maumivu nayatolea, na dawa nameza

Nimezaliwa na selimundu. Hapa Mwanza wengi wanaiita sikoseli, na ukiitaja tu mtu anakutazama macho kwanza, aone kama yana manjano. Chembe nyekundu za damu yangu hujikunja kama mundu, zikakwama kwenye mishipa midogo, na damu isipopita ndipo maumivu yanapoanza. Kwangu huanzia kwenye nyonga, yakashuka mapajani, safari nyingine yakapanda kifuani. Baridi huyachochea, kukosa maji huyachochea, malaria ndiyo usiseme. Naandika kwa sababu watu wanaonipenda wameniambia mengi kuhusu mateso, na baadhi ya maneno yao yaliniuma kuliko mifupa.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mwema kabisa, ambaye hajawahi kunikosesha uji nikiwa kitandani, aliniambia: "Mwanangu, Mungu anakupenda, ndiyo maana amekuletea msalaba huu." Jirani mwingine akanishauri niache vidonge niende kwenye maombi, nikiwa na imani ya kutosha damu itageuka. Mmoja anaona ugonjwa ni zawadi, mwingine anaona ni upungufu wa imani. Mimi nasadiki kwamba Kanisa halifundishi hili wala lile.

Mama yangu mzazi ndiye aliyebeba maneno mazito zaidi. Selimundu hurithiwa kwa baba na mama wote wawili. Wao hawaumwi, kila mmoja alikuwa na kinasaba chake bila kujua, na kila mimba ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto kama mimi. Ukoo ukatafuta mkosaji, na unajua katika mambo ya uzazi mkosaji hutafutwa upande gani. Siku moja nikamsomea sura ya 9 ya Injili ya Yohane, pale wanafunzi wanapomuuliza Yesu kuhusu yule kipofu tangu kuzaliwa: nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Jibu likaja: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Mama aliniambia nirudie. Natamani maneno hayo yasomwe katika kila kliniki ya selimundu nchini.

Sasa nije kwenye kutolea, yaani kumkabidhi Mungu maumivu yako kwa ajili ya mtu mwingine. Bibi yangu akijikwaa mguu alikuwa anasema, "Natolea kwa ajili ya roho za toharani," na mimi nikadhani ni mazoea ya wazee. Baadaye sista mmoja muuguzi aliniazima barua ya Papa Yohane Paulo wa Pili, *Salvifici Doloris*, aliyoitoa tarehe 11 Februari 1984. Haikuwa imetimia miaka mitatu tangu apigwe risasi katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, Mei 1981. Aliyeandika alikuwa anayajua maumivu ya mwili. Anaanza na Paulo akiwaambia Wakolosai kwamba anatimiliza katika mwili wake "yale yaliyopungua ya mateso ya Kristo". Nilishtuka. Mateso ya Kristo yamepungua nini? Papa anajibu kwamba hayakupungua chochote, ukombozi umekamilika. Ila Kristo ameuacha wazi, ili kila upendo wa mtu anayeteseka uweze kuingia ndani yake. Nilikaa na hilo muda mrefu. Kumbe kinachotolewa ni upendo. Nyonga inayouma haina utakatifu wowote yenyewe.

Usiku maumivu yakipanda, rozari siwezi. Nikifika punje ya tatu nimeshapotea. Basi nataja jina moja tu. Mtoto wa kitanda cha pili mwenye dripu. Kaka yangu aliyeacha kwenda Misa. "Bwana, haya ni kwa ajili yake." Maumivu hayapungui. Nasema wazi, hayajawahi kupungua kwa sababu hiyo. Lakini maumivu makali humfungia mtu ndani ya mwili wake hadi dunia yote inakuwa nyonga, na ninapotaja jina, kuna mtu mwingine anaingia mle ndani, na Yesu Msulibiwa alikuwa amekwishatangulia.

Wala kutolea hakunizuii kuomba nipone. Gethsemane Yesu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke. Nikiomba vivyo hivyo, nani aniite mwenye imani haba? Haidroksiyurea, dawa yangu ya selimundu, nameza kila siku, na maji nakunywa hata nisiposikia kiu. Mpako wa Wagonjwa pia nimeupokea, kwenye paji la uso na viganja, ingawa majirani walipomwona padre na mafuta walianza kulia wakidhani nakata roho. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulishasema sakramenti hii si ya wanaokufa tu.

Na ile barua haiishii kwenye msalaba wa mgonjwa. Karibu na mwisho inamleta Msamaria mwema, na inasema hatuna ruhusa ya kumpita anayeteseka. Wanaonukuu nusu ya kwanza peke yake wananisikitisha. Kanisa lingeamini maumivu ni mema yenyewe, maaskofu wetu wasingekuwa na hospitali ya Bugando pale kilimani.

Tarehe 11 Februari ni Siku ya Wagonjwa Duniani, aliyoianzisha Papa huyohuyo mwaka 1992, na parokia nyingi hutoa mpako katika Misa ya siku hiyo. Kama una mgonjwa nyumbani, mwambie katekista mapema. Usafiri ndio hukwamisha wengi. Na ukienda kumtazama mgonjwa, usimweleze kwa nini anaumwa. Mpelekee maji ya kunywa na blanketi, ukae. Kisha mpe jina la mtu wako unayetaka amwombee, maana sisi wagonjwa tunaombewa sana, ila ni mara chache mtu anatuomba tumwombee.