Nilivyowafanya kidato cha pili waandike utenzi wenyewe

Mi nafundisha Kiswahili kidato cha kwanza na cha pili kwenye shule moja ya kanisa huku upande wa Kimara, na nimeona nielezee kilichonisaidia kwenye ushairi maana kila nikikaa na walimu wenzangu malalamiko ni yaleyale, watoto wanaogopa mashairi, swali la shairi kwenye mtihani wanaliruka kama halipo.

Watoto wangu wengi wametoka English medium, na ukishapita geti la shule ni Kingereza tu, kuna shule ukikutwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Sasa mtoto wa namna hiyo unamkuta kipindi cha saa nane mchana, joto lenyewe la Dar mnalijua, ukianza kumwandikia ubaoni maana ya kina (silabi zinazofanana) na maana ya mizani (hesabu ya silabi) anakuangalia tu. Na sio kwamba Kiswahili hana, anacho kingi sana, cha kwenye daladala, cha Bongo Fleva, cha bibi yake nyumbani, ila akishika peni kinakauka. Kinachotoka ni "alafu", "ivo", "apa", na sentensi zimepangwa Kingereza kabisa. Iliniuma kwa kweli, maana hawa ni watoto wa Dar es Salaam, Kiswahili ni chao.

Nikaanza kujiuliza hawa wana kitu gani tayari mkononi. Jibu lilikuwa kwenye ibada ya asubuhi. Kila siku mwanafunzi mmoja anasimama mbele anasoma andiko kwa sauti, kwa Kiswahili, na wenzake wanasikiliza, na hadithi za Yesu wanazijua hata ukiwaamsha usiku. Nikasema basi kisa tusitafute mbali, kisa kipo, tutafute umbo. Nikachagua Msamaria Mwema, Luka 10, nikawaambia mtu yule hakutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, katoka mahali hapahapa Dar, mnipe utenzi.

Utenzi niliuchagua makusudi. Shairi la tarbia, lile la mishororo (mistari) minne kila ubeti, lina mizani 16 kila mshororo na vina vya kati na vya mwisho, kwa mtoto anayeanza ni mzigo. Utenzi mishororo yake mifupi, mizani 8 tu, minne inatosha ubeti, mitatu ya kwanza inakuwa na kina kimoja, wa nne unabeba kina kinachotembea utenzi mzima. Halafu umetengenezwa kwa ajili ya kusimulia, watu wa pwani wamesimulia vita na visa vya mitume kwa tenzi tangu karne ya 18 na wakaviandika kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo mtoto anayesimulia kisa cha Biblia kwa utenzi anaingia kwenye njia ambayo imeshachongwa siku nyingi.

Mwanzoni hatukuandika chochote. Tulipiga makofi. Natamka neno, darasa zima linapiga kofi kila silabi. "Palikuwa", makofi manne. "Kijana", matatu. Hapo ndo utagundua wanakosea wapi, ukisema "mchana" nusu ya darasa wanapiga mawili, ile m ya mwanzo hawaihesabu, na ni silabi kamili, inabeba mizani yake. Tulikaa hapo muda mrefu, mtoto, mpira, mchungaji, mpaka mikono ikazoea. Mwalimu mwenzangu usiharakishe hapa, mtoto akishaisikia mizani kwenye viganja vyake huhitaji tena kumkaririsha maana yake.

Kuna binti mmoja Mwislamu darasani (tunao wengi, shule ya kanisa Dar haina Wakristo peke yao), ambaye kwenye vipindi vingine haongei kabisa. Huyu amelelewa na kasida za madrasa, na siku ya makofi alikuwa hakosei hata neno moja. Nikamwita mbele awaongoze wenzake. Akaghani ubeti kwa sauti ya chini, wenzake wakawa wanamfuata, na kuanzia siku hiyo akawa ndo wanayemkimbilia ubeti ukiyumba. Nilifurahi mno.

Baada ya hapo wakaandika kwa makundi ya wanne wanne. Kundi moja likaleta hivi:

Palikuwa na kijana
Katoka Temeke jana
Wakampiga mchana
Kalala kando njiani

Mchungaji akapita
Hakusimama kuita
Katazama akasita
Akaenda kanisani

Bodaboda kasimama
Akamwinua kwa hima
Kambeba kwa huruma
Mpaka hospitalini

Hesabuni wenyewe, ni nane nane. Mmoja akauliza, mwalimu si inatakiwa iwe "akatoka", nikapata nafasi ya kufundisha inkisari palepale, mshairi anaruhusiwa kufupisha ili mizani ikae. Ningeifundisha peke yake ubaoni wasingeikumbuka.

Ila kilichonigusa zaidi ni huyo bodaboda. Nikawauliza kwa nini yeye, wakanijibu kwamba mtaani watu wanawaona madereva bodaboda wahuni, kila wizi wa pochi wanasingiziwa wao, na Msamaria naye Wayahudi walikuwa hawamtaki. Watoto wa miaka 14 hao! Wameelewa kisa kuliko watu wazima wengi tunaokisikia kila mwaka. Na hapo ndo naamini lugha na imani zinasaidiana, mtoto akilazimika kutafuta neno lenye mizani inayotosha analazimika pia kufikiri kisa kinasema nini.

Ubeti wa pili ulileta maneno kidogo. Tulitaka wausome kwenye ibada, mwalimu mmoja akaona sio heshima, aandikwe kuhani kama ilivyo kwenye Biblia. Nikaenda kwa mchungaji wa shule mwenyewe, nikampa karatasi, nikamweleza watoto walivyofikia hapo. Akasoma mara mbili, akasema kuhani kwenye Luka ndo alikuwa mchungaji wa wakati ule, waacheni wasome. Wakasoma, na siku hiyo alihubiri juu ya ubeti huo. Nawashauri wenzangu mlioko shule za kanisa, kitu kama hiki kipelekeni mapema kwa mhusika, msisubiri akisikie mbele za watu.

Kwenye kusahihisha nilikuwa na utaratibu wa kosa moja kwa wiki. Wiki hii natafuta h tu, "alafu" na "apa" nazizungushia, mengine yote naacha hata kama naona. Wiki ijayo r na l. Daftari likirudi jekundu lote mtoto anafunga moyo, ila akiona kosa la aina moja anakwenda kulifanyia kazi, na kwa darasa la watoto zaidi ya hamsini hata wewe mwalimu unapumua.

Sasa hivi swali la shairi hawaliruki tena. Wengine wamehamia tarbia bila kuambiwa, wamechukua Ruthu, wamechukua Yona, kijana mmoja ameacha Biblia kabisa anaandika kuhusu mafuriko ya Jangwani na nimemwachia aendelee. Kinachonisumbua bado ni barua rasmi, maana pale hakuna kisa cha kuwavuta na makofi hayasaidii, anwani wanapanga vizuri lakini ndani wanaandika kama wanamtumia rafiki meseji. Muhula ujao nataka wamwandikie mkuu wa shule barua za kweli, za mambo wanayoyataka kweli, feni ya darasani ikiwemo, na mkuu ameshakubali kuzijibu kwa maandishi.