Siku moja maishani mwangu: fundi baiskeli kando ya mfereji, Bretagne

Saa 12:30 asubuhi

Mwezi Juni jua la huku linawahi, nami nalifuata hukohuko karakanani. Naishi Malestroit, mji mdogo wa kale katika Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, na kazi yangu ni kukodisha na kutengeneza baiskeli. Mji wenyewe unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa, ila njia mbili ndefu zisizo na magari zinakutana hapa. Moja inafuata mfereji wa Nantes hadi Brest, kilomita 364. Nyingine inapita juu ya reli ya zamani kati ya Mauron na Questembert, kilomita 53, ambako treni ziliacha kupita na mataruma yakang'olewa. Mimi mtoto wa Tanga, baiskeli nimezikuta nyumbani. Nilichokuja kukizoea huku ni njia isiyo na honi.

Kazi ya kwanza ni upepo. Sehemu kubwa ya njia hizi haina lami. Ni mchanga na changarawe laini iliyoshindiliwa, na tairi lililojazwa likawa gumu kama jiwe linamrusharusha mtu mpaka mikono inakufa ganzi. Baiskeli zetu zina tairi za milimita 40. Natia bar 2.5, mtu mzito 3, basi. Kuna wateja wanaoninyang'anya pampu na kuongeza, wakiamini tairi gumu ndilo linalokimbia. Kwenye lami sawa. Huku nawaachia wakaonje wenyewe, watatoa upepo njiani.

Saa 2:30 asubuhi

Familia kutoka Lille: bibi, binti yake na wajukuu wawili. Bonjour kwa kila mmoja, mtoto naye asirukwe, ndipo maneno mengine yafuate.

Nawaonyesha picha ya kibao cha buluu chenye mtembea kwa miguu, baiskeli na mpanda farasi. Ukikiona, uko kwenye kile wanachokiita voie verte, njia ambayo sheria za barabarani za Ufaransa zimeitambua tangu 2004: vyombo vya moto marufuku. Watoto wanashangilia. Mama yao anashusha pumzi.

Hapo ndipo ninapokaza sauti. Reli ya zamani inakatwa na vibarabara vya mashambani, na hatari yote ya siku imejikusanya kwenye makutano hayo. Mtu akiendesha saa nzima bila kuona gari, akili yake inasahau kwamba magari yapo duniani. Anafika kwenye kivuko anaongea, anacheka, anatazama ng'ombe. Kwa hiyo nawafanyisha mazoezi palepale uani: fika, weka mguu chini, tazama kushoto, kulia, vuka. Bibi kafanya vizuri kuliko wote.

Saa 3:30 asubuhi

Leo nawasindikiza hadi Josselin, kama kilomita 25 kwa kufuata mfereji. Kushoto maji, kulia miti, mbele wavuvi waliokaa kama wamelipwa wasitikisike. Korongo wa kijivu anaruka, anatua mita hamsini mbele, tukimfikia anaruka tena, anakasirika waziwazi.

Mtoto mkubwa ananiuliza mbona hakuna mlima. Swali zuri. Njia hii ilikuwa ya farasi waliokuwa wakivuta mashua kwa kamba, na maji ya mfereji yanatulia kama sakafu mpaka ufike kwenye lango la kupandisha mashua. Hapo unapata kijilima cha mita chache pembeni ya nyumba ya mlinzi wa lango, kisha tambarare tena. Bibi anataka historia, nami huwa naisubiri nafasi hiyo. Napoleon aliuagiza mfereji huu kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bandari, naye alitaka kufikisha vifaa Brest bila kugusa bahari. Kazi ilianza 1811. Kule Glomel, wafungwa wa jeshi ndio waliochimba mtaro mkubwa wa wazi wa kupitisha maji mlimani. Ulipokamilika mwaka 1842 vita vilikuwa vimeisha zamani, kisha reli ikaja ikachukua mizigo, na baadaye malori yakaiua reli. Sisi wa baiskeli ndio warithi wa marehemu wote wawili. Hata mashua leo haziwezi kufika Brest, kwa kuwa bwawa la Guerlédan, lililokamilika 1930, liliukata mfereji katikati. Baiskeli inazunguka bwawa na kuendelea.

Saa 6:15 mchana

Josselin, chini ya ile ngome ya ukoo wa Rohan yenye minara mitatu inayojitazama majini. Watu wanataka kupiga picha kwanza. Nawakatalia. Jikoni za mashambani Ufaransa zinafunga mapema. Saa nane mchana ikishapiga, utapewa kahawa na pole. Tunakula galette, chapati nyembamba ya unga wa ngano nyeusi, ambayo kawaida huja na yai, jibini na nyama ya nguruwe. Yangu naagiza na uyoga. Picha zinasubiri, ngome haihami.

Saa 8:20 mchana

Simu. Mzee wa Kiholanzi amekwama kwenye njia ya reli karibu na ziwa liitwalo Lac au Duc, upande wa mji wa Ploërmel. Bosi ananipitia na gari, familia inabaki kuzuru ngome.

Watu wanaosifu njia zisizo na magari huwa hawasemi habari za kuharibikiwa. Gari letu linafika pale kibarabara kinapokata njia, linakutana na vizuizi vya mbao, na sheria haituruhusu kuingia hata kama nafasi ingekuwepo. Nashusha baiskeli, nafunga mkoba wa spana mgongoni, napiga kama kilomita mbili.

Mzee amekaa kwenye nyasi anakula tufaha. Kijiti kimerukia gia za nyuma na kukunja kile kipande cha alumini kinachoishikilia mashine ya kubadili gia. Kipande hicho kila kampuni ina umbo lake, na hii ni baiskeli yake mwenyewe, si yetu, kwa hiyo mkobani sina kinachofanana nacho. Nikafungua mashine yote, nikakata cheni, nikaifupisha, nikaiweka kwenye kigurudumu kimoja cha meno, cha katikati. Gia moja, kama baiskeli za Tanga.

Akaniuliza kwa wasiwasi: "Milima je?" Nikamwambia hii ilikuwa reli. Treni haziwezi milima, kwa hiyo waliojenga njia waliichonga ardhi na kujaza mabonde ili mwinuko ubaki mdogo. Kwenye barabara ya kawaida gia moja ingemtoa jasho la damu. Hapa alikaa kitini, akakanyaga taratibu, tukafika Ploërmel tukiongea habari za wajukuu zake. Kuna fundi mjini atakayemwagizia kipande.

Saa 11:00 jioni

Kuosha. Vumbi la njia hizi ni jeupe na jembamba, linakwenda kukaa kwenye cheni na kuisaga. Brashi, maji ya ndoo, kitambaa, mafuta kidogo. Mpira wa maji ya kasi haugusi baiskeli zangu. Unasukuma mchanga ndani ya bearing.

Saa 2:30 usiku

Bado mwanga mtupu nje. Nampigia mdogo wangu Tanga, dereva wa bodaboda.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama?"

"Kalala. Hivi wazungu bado wanakulipa kuwatembeza mahali hamna gari?"

Ananitumia kipande cha video cha Migration Gravel Race, yale mashindano ya Maasai Mara kule Kenya: mawe, tope, ng'ombe barabarani. Anasema hiyo ndiyo changarawe. Sikubishana naye.

Saa 3:15 usiku

Ujumbe wa mteja wa kesho: anataka kufuata mfereji kutoka mji wa Rohan hadi Pontivy, na utabiri unasema mvua. Nimemjibu aende, ila ajue malango hapo yamefuatana zaidi ya 50, kwa hiyo vijilima vitakuwa vya mara kwa mara. Na achukue baiskeli yenye madigadi. Anasema madigadi yanaharibu sura ya baiskeli kwenye picha. Nimemwandikia kwamba mchanga uliolowa unapanda mgongoni hadi kwenye kola, na nimeshayafunga tayari.